Kizuia Madirisha: Kuzuia si Kufunga

Miongoni mwa istilahi za kompyuta ziwatatizazo wafasiri ni zile zihusuzo dirisha ibukizi, yaani dirisha lijitokezalo lenyewe juu ya ukurasa ambao msomaji ameufungua kwa kivinjari chake. Neno lenyewe tunaliona limeundwa vyema. Kama vile saidia ilivyozaa saidizi, na tegemea ikazaa tegemezi, ndivyo ibukia inavyozaa ibukizi. Nalo dirisha hili kwa kweli humwibukia mtu, kwani halikuitwa. Tatizo limo katika jina la programu inayolizuia, na zaidi katika kitenzi cha kazi yake.

Madirisha haya yalienea katika miaka ya 1990 yakibeba matangazo ya biashara. Ethan Zuckerman, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya Tripod huko Marekani, alieleza mwaka 2014 kwamba aliandika programu ya kufungua tangazo katika dirisha la peke yake, ili mtangazaji asidhaniwe kuunga mkono yaliyomo ukurasani, akaomba radhi. Vivinjari navyo vikatiwa kinga, na Internet Explorer ilipata yake mwaka 2004.

Kinga hiyo haijui tangazo ni nini. Hutazama tu kama amri ya kufungua dirisha imetokana na tendo la msomaji, kwa mfano kubonyeza kitufe. Kwa hiyo anayetaka kuipima hutengeneza ukurasa wa majaribio wenye kujaribu kufungua dirisha mara nne: ukurasa unapofunguka, baada ya sekunde kadhaa, msomaji anapoondoka, na mwisho anapobonyeza kitufe. Majaribio matatu ya kwanza yapasa kuzuiwa. La nne yapasa kupita, maana dirisha la kuchapia stakabadhi au la kuingizia nywila mara nyingi huja kwa njia hiyo. Programu izuiayo yote manne haikufaulu. Masanduku yachorwayo ndani ya ukurasa wenyewe, ijapokuwa yanaudhi vilevile, si madirisha, na kinga hii haiyagusi.

Sasa tuyatazame maneno. Mfasiri akiandika "dirisha limefungwa" pale ambapo lilizuiwa, mtumishi wa ofisi atadhani kwamba lilifunguka, likamaliza kazi yake, likafungwa. Pengine atadhani fomu yake imekwisha kupokewa, kumbe halikufunguka kamwe. Kosa hili si dogo. Ama kizuizi, hilo ni neno la kitu kilichowekwa njiani, kama gogo barabarani, nalo limekwisha kuzoeleka kwa maana hiyo. Sisi twapendekeza kizuia madirisha, kwa mfano wa kipaza sauti na kinasa sauti, ambayo wingi wake ni vizuia madirisha.

Katika taarifa ya majaribio, basi, yaandikwe limezuiwa au limeruhusiwa. Limefungwa liachiwe dirisha ambalo msomaji amelifunga kwa mkono wake.