Nani Alimshitaki Nani?

Katika vyama vya ushirika vya mlimani, kutoka Machame hata Rombo, habari za kahawa na fedha huandikwa kwa Kiswahili. Isingewezekana vinginevyo, kwa kuwa Kichaga cha Rombo si kile cha Machame, na tangu KNCU ilipoanzishwa mwaka 1933 wakulima wa pande mbalimbali wamekutana katika umoja mmoja. Katibu akiandika sentensi yenye maana mbili, hasara ni ya wanachama.

Tuchukue maneno haya katika kumbukumbu za mkutano: "Mjumbe aliyemshitaki Katibu aondolewe." Mjumbe yupi? Yule aliyepeleka mashitaka, au yule ambaye Katibu alimpeleka mbele ya Halmashauri? Sarufi yaruhusu yote mawili. Kiambishi "a" chaweza kuwa cha mjumbe au cha Katibu, na "m" vilevile. "Ye" hakipambanui lolote, maana wote wawili ni watu, tena ni mmoja mmoja. Wangalikuwa wajumbe wengi shaka ingaliondoka: "waliomshitaki Katibu" si sawa na "aliowashitaki Katibu". Wala lori halitutatizi: "lori lililomgonga mwalimu" na "lori alilogonga mwalimu" ni ajali mbili mbalimbali. Ngeli zetu, ambazo wageni huzilalamikia sana, ndizo zilindazo maana.

Twasikia wakisema kwamba waliokuwapo mkutanoni walielewa. Sawa, lakini kumbukumbu huandikwa kwa ajili ya asiyekuwapo, na mara nyingi husomwa baada ya miaka, wakati wa ugomvi. Mtu mwema aweza kupoteza cheo chake bure. Na iandikwe "Mjumbe aliyeshitakiwa na Katibu", au "Mjumbe aliyepeleka mashitaka juu ya Katibu", yaishe.

Baya zaidi, kwa maoni yetu, ni neno "wote" likikaa pamoja na ukanushi. Tangazo likibandikwa ghalani, "Wakulima wote hawakulipwa malipo ya pili," mkulima wa Kibosho aliyekwisha kulipwa ataona ni uongo. Wa Marangu ambaye hajapata atadhani hakuna aliyepata hata senti, naye atatulia nyumbani akingoja. Kumbe jirani yake amekwisha kulipa karo ya watoto. Kama hakuna aliyelipwa, na iandikwe: "Hakuna mkulima aliyelipwa." Kama baadhi wamelipwa: "Si wakulima wote waliolipwa," na majina ya waliobaki yafuate papo hapo chini yake.