Mpira Unaopitishwa Moyoni

Katika upasuaji mkubwa wa moyo, daktari wa usingizi huhitaji kujua wakati wote damu inasukumwa kwa nguvu kiasi gani, na kwa ajili hiyo anaweza kupitisha katheta, yaani mpira mwembamba na mrefu, kutoka kwenye vena ya shingo hadi katika ateri ya mapafu, ambayo ni mshipa unaopeleka damu mapafuni. Katheta hiyo huitwa Swan-Ganz, kwa majina ya Jeremy Swan na William Ganz, madaktari wa Los Angeles walioitangaza mwaka 1970. Nchani mwake mna puto la kujazwa hewa isiyozidi mililita 1.5, ambalo huchukuliwa na mkondo wa damu.

Madhara huweza kuanza mapema, kwani sindano ikikosea njia hutoboa ateri ya shingo iliyo jirani na vena, nayo ncha ya mpira ikigusa ukuta wa moyo huvuruga mapigo, ingawa mara nyingi kwa muda mfupi tu.

La kutisha zaidi huja baadaye, macho ya wengi yakiwa kwa mpasuaji. Mashine ya moyo na mapafu inapopokea kazi, moyo hunywea kwa kukosa damu, na mpira uliokuwa umetulia husogea mbele hadi kwenye matawi membamba ya ateri, ambamo puto likijazwa huweza kuupasua mshipa. Damu, ambayo tayari imetiwa heparini ili isigande, hufurika pafuni na kutokea kwenye mpira wa kupumulia. Ajali hii ni nadra, lakini takriban nusu ya wanaopatwa nayo hufa, na ndiyo maana madaktari wengi huurudisha mpira nyuma sentimita 3 hadi 5 kabla ya mashine kuanza.

Hutokea pia, ingawa kwa nadra, mpasuaji akaushona mpira pamoja na ukuta wa moyo bila kujua, ukagoma kutoka baada ya upasuaji. Kuuvuta kwa nguvu ni kuuchana moyo, hivyo kifua huenda kikafunguliwa upya.

Utafiti uliofanywa Uingereza kwa wagonjwa mahututi na kuchapishwa mwaka 2005 haukuona kwamba katheta hii hupunguza vifo, na hospitali nyingi sasa huitumia kwa wachache, hasa wenye shinikizo kubwa la damu mapafuni, ambao, kwa bahati mbaya, ndio hasa ambao ateri zao hupasuka kwa urahisi.