Mjue John Ruggie, profesa wa kanuni 31

Wadau, kuna watu hawatajwi vijiweni lakini kazi yao inatugusa moja kwa moja. Mmojawapo ni John Ruggie, aliyefariki Septemba 2021 akiwa na miaka 76. Kama una ndugu Tarime, Geita au popote penye mgodi, soma mpaka chini.

Jamaa alizaliwa 1944 mjini Graz, Austria, vita ikiwa haijaisha. Mwaka 1956 familia ilihamia Canada. Akasoma huko, kisha akaenda Berkeley, Marekani, alikopata udaktari 1974. Amefundisha Columbia, San Diego na mwishoni Harvard. Fani yake ni uhusiano wa kimataifa. Jina lilivuma 1982 kwa makala iliyosema, kwa lugha ya mtaani, kwamba baada ya Vita Kuu ya Pili nchi tajiri zilifungua masoko yao, lakini zikabakiza uwezo wa kuwakinga wananchi wao soko likiyumba. (Sisi tulipobanwa na masharti ya IMF miaka ya 80, kinga hiyo mbona hatukuiona? Hilo ni langu, sio lake.)

Mwaka 1997 Kofi Annan alimwita Umoja wa Mataifa awe mshauri wake wa mipango, akakaa mpaka 2001. Lakini kazi nzito ilikuja 2005, alipopewa swali lililowashinda wengi: kampuni kubwa ikivunja haki za binadamu ugenini, nani anawajibika?

Kulikuwa na rasimu ya 2003 iliyotaka kampuni zibebeshwe wajibu wa kisheria. Kampuni ziling'aka, serikali nazo zikagoma kuipitisha. Wanaharakati waliitetea sana. Ruggie alipoingia, akaiweka pembeni! Wengi hawakumsamehe. Yeye akazunguka dunia miaka 6, akafanya mikutano karibu 50, akiongea na mabosi, mawaziri na wanavijiji waliopakana na migodi.

Matokeo ni kanuni 31, na nguzo zake ni 3 tu. Serikali ina wajibu wa kulinda watu. Kampuni ina wajibu wa kuheshimu haki, hata kama sheria za nchi ni legelege, na ichunguze madhara mapema, sio kusubiri watu waumie ndo iombe radhi. Na aliyeumia awe na mahali pa kudai. Baraza la Haki za Binadamu lilizipitisha 16 Juni 2011 bila kupingwa.

Sasa angalia tarehe. Mwezi mmoja kabla, 16 Mei 2011, polisi waliwapiga risasi na kuwaua watu wasiopungua 5 waliokuwa wameingia mgodi wa North Mara, uliokuwa wa African Barrick Gold. Kanuni za Ruggie hazina mahakama wala faini. Ndio maana baadhi ya waathirika na familia zao walifungua kesi London 2013, ikamalizwa kwa maelewano 2015.

Mgodi nao ulianzisha utaratibu wake wa malalamiko, ukisema unafuata kanuni hizohizo. Mashirika ya haki za binadamu yakagundua kwamba waliolipwa walitakiwa kusaini kuwa hawatashtaki tena. Mwanakijiji asiye na wakili, mkataba mezani, unadhani atafanyaje? Hapo ndipo wakosoaji wa Ruggie wana hoja: wajibu bila kiboko, mwenye nguvu anaugeuza atakavyo.

Lakini tusimwonee. Alisema mkataba wa kisheria ungechukua miaka mingi huku watu wakiendelea kuumia. Ecuador na Afrika Kusini zilianzisha mazungumzo ya mkataba huo 2014, na mpaka leo hayajaisha. Wakati huohuo Ufaransa ilitunga sheria 2017 inayoyalazimisha makampuni yake makubwa kuchunguza madhara yao hata nje ya nchi, wazo lililotoka kwake. Majirani zetu Kenya na Uganda nao wameshaandaa mipango ya taifa kwa kufuata kanuni zake.

Wadau wa Nyamongo na kwingineko kwenye migodi: hiyo ofisi ya malalamiko umewahi kuingia? Walikwambia nini? Karatasi uliyosaini ilikuwa ya Kiswahili au ya Kiingereza? Tuandikie hapo chini, jina sio lazima.