Nani aliyeamuru miji ipigwe?



Vita vya Pili vya Dunia husimuliwa mara nyingi kwa majina ya majemadari na tarehe za ushindi. Wazee wetu waliochukuliwa katika jeshi la KAR walivisimulia kwa jina la Burma, na wengi wao walipenda kunyamaza kuliko kusimulia. Ijumaa ya leo tunataka kuvitazama kutoka upande mwingine, upande wa mama aliyelala na wanawe chumbani, asiye na bunduki wala sare, bomu likamwangukia kutoka mbinguni. Nani aliamua kwamba mama huyo apigwe, na alifikaje katika uamuzi huo? Swali hili lina uzito, kwa kuwa watawala wa zama zile hawakuanza kwa kutangaza kwamba watawaua akina mama. Walianza kwa kuahidi kinyume chake.

Siku ile Ujerumani ilipoivamia Polandi, tarehe 1 Septemba 1939, Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, ambaye nchi yake ilikuwa bado haijaingia vitani, alizitaka serikali zinazohusika zitamke hadharani kwamba hazitawapiga raia kwa mabomu ya ndege, wala miji isiyo na ulinzi. Uingereza na Ufaransa zikakubali. Hata Ujerumani ya Hitler ikajibu kuwa imekubali. Mwezi ule ule, tarehe 25, jiji la Warsaw likamwagiwa mabomu mchana kutwa.

Hapa yatupasa kusimama kidogo, kwani vitabu vingi huanzia Warsaw kana kwamba jambo lile lilikuwa geni duniani. Halikuwa geni. Bomu la kwanza kurushwa kutoka kwenye ndege katika vita lilirushwa tarehe 1 Novemba 1911 huko Libya. Luteni mmoja wa Kitaliano, Giulio Gavotti, alilitupa kwa mkono wake juu ya Ain Zara, karibu na Tripoli, wakati Italia ilipokuwa ikiinyang'anya nchi hiyo kutoka kwa dola ya Uthmaniya. Mwaka 1920 Waingereza walituma ndege kumpiga Sayyid Muhammad Abdullah Hassan na watu wake huko Somalia ya kaskazini. Katika miaka iliyofuata wakaitawala Iraki kwa ndege, kwa hoja ya kwamba ndege ni nafuu kuliko kikosi cha askari wa miguu, na miongoni mwa maofisa waliokuwa huko ni Arthur Harris, jina ambalo tutakutana nalo tena mbele. Mwaka 1935 na 1936 Italia ikawamwagia Wahabeshi gesi ya sumu. Ulaya ilijua yote haya. Yalipowafika Wazungu wenyewe ndipo yalipoitwa unyama, na kwa hakika yalikuwa unyama, huko na kule.

Tukirudi kwenye vita vyenyewe, tarehe 10 Mei 1940 Ujerumani iliivamia Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa, na siku hiyo hiyo Winston Churchill akawa Waziri Mkuu wa Uingereza. Tarehe 14 moyo wa jiji la Rotterdam ukateketezwa kwa mabomu, watu mamia kadhaa wakafa, na kesho yake Uholanzi ikasalimu amri. Siku hiyo ya pili baraza la vita la Uingereza likaruhusu ndege zake kupiga shabaha ndani ya Ujerumani ng'ambo ya mto Rhine. Usiku wa tarehe 24 Agosti ndege za Kijerumani ziliangusha mabomu London, na inaelekea marubani walikuwa wamepotea njia. Usiku uliofuata Waingereza wakaipiga Berlin. Hitler akasimama mbele ya watu wake mwanzoni mwa Septemba akaapa kulipa kisasi maradufu. Tarehe 7 Septemba kisasi kikafika.

Msomaji na autazame mfuatano huo kwa makini. Kila upande ulikuwa na hoja ya kwamba mwingine ndiye aliyeanza.

Jioni ile ya tarehe 7 bandari ya London na mitaa ya makabwela ya mashariki iliwaka moto, na watu takriban 430 wakafa. Kwa muda wa karibu miezi miwili ving'ora vililia karibu kila usiku. Novemba jiji la Coventry likapoteza zaidi ya watu 500 katika usiku mmoja. Hadi mashambulizi yalipopungua mwezi Mei 1941, raia wapatao 43,000 wa Uingereza walikuwa wameuawa. Moto wa vita hivyo ulikuwa umekwisha kufika hata kwetu. Juni 1940, siku chache tu baada ya Italia kuingia vitani, ndege zake ziliipiga Wajir, na baadaye mwaka huo mabomu yakaanguka Malindi.

Uongozi wa Churchill katika miezi hiyo umesifiwa sana, na yako yanayostahiki sifa. Alipoingia madarakani hakuwaahidi watu ushindi wa haraka. Aliwaambia waziwazi kwamba kinachowangojea ni damu, jasho na machozi. Kesho yake baada ya shambulio la kwanza alikwenda mwenyewe mitaa ya mashariki, akasimama kwenye vifusi, na machozi yakamtoka mbele ya waliofiwa. Mfalme na mkewe nao hawakuihama London, hata baada ya kasri lao kupigwa. Hitler kwa upande wake, miji ya Ujerumani ilipoanza kuangamia, alikataa kuizuru. Mkuu wa mkoa wa Hamburg alimsihi aende kuwatazama watu wake, asikubali.

Lakini kufika kwenye vifusi si kazi yote ya kiongozi. Tarehe 10 Septemba 1940 familia zilizokwisha kupoteza nyumba zao zilikuwa zimehifadhiwa katika shule moja ya Canning Town, zikisubiri mabasi ya kuwahamisha. Mabasi hayakufika kwa wakati, bomu likafika. Serikali ilitaja vifo 77, na majirani hawakuiamini hesabu hiyo hata siku moja. Mwanzoni serikali iliwakataza watu kulala katika vituo vya reli ya chini ya ardhi, kwa hofu kwamba wakishaingia hawatataka kutoka kwenda kazini. Watu wakafanya nini? Wakanunua tiketi kama abiria, wakateremka na blanketi zao na watoto wao, wakakataa kupanda juu. Serikali ikasalimu amri mbele ya wananchi wake. Na Machi 1943, katika kituo cha Bethnal Green, watu 173 walikufa kwa kukanyagana ngazini, 62 kati yao wakiwa watoto, pasipo bomu lolote kuanguka hapo. Ripoti ya uchunguzi ilifichwa hadi mwaka 1945.

Katika mitaa hiyo hiyo ya bandari waliishi mabaharia Waislamu kutoka Bengal, Yemen na Somalia. Tarehe 24 Oktoba 1940, London ikipigwa kila usiku, baraza la vita la Churchill liliidhinisha paundi 100,000 za kununua kiwanja cha msikiti katika jiji hilo, na ndicho kilichokuja kuwa msikiti mkuu wa Regent's Park. Hatudai kwamba yalikuwa mapenzi. Himaya ya Kiingereza ilikuwa na Waislamu wengi kuliko Wakristo, na ilihitaji askari wao. Hesabu hiyo ya himaya haikuwaokoa Wabengali mwaka 1943, njaa ilipoua watu wanaokadiriwa kufika milioni tatu chini ya utawala huo huo. Ijumaa ya tarehe 1 Agosti 1941 msikiti mwingine ulifunguliwa mashariki ya London, katika nyumba tatu za barabara ya Commercial Road, kati ya majumba yaliyobomolewa. Mwaka huo huo bomu liliubomoa msikiti wa Wayemeni wa Peel Street huko Cardiff, na mwingine ukafunguliwa mwaka 1943.

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu. Watu walioumizwa hivi wafanywe nini na kiongozi wao? Uchumi wa chuki ni mwepesi. Maumivu ya wananchi ni mtaji ulio tayari mkononi. Mwaka 1941 Waingereza waliulizwa katika kura za maoni kama wanataka raia wa Ujerumani walipiziwe kisasi. Waliotaka zaidi walikuwa wakazi wa maeneo ambayo hayajapigwa. London, iliyokuwa ikizika watu wake, maoni yaligawanyika karibu nusu kwa nusu. Aliyeyaona yale mambo kwa macho yake hakuwa na haraka ya kumtakia mwenzake.

Uamuzi, hata hivyo, haukufanywa na wajane wa London. Agosti 1941 uchunguzi wa picha ulibainisha kwamba, kati ya marubani waliodai kuzipiga shabaha zao Ujerumani, ni mmoja tu katika kila watatu aliyefika umbali wa maili tano kutoka shabaha hiyo. Kulikuwa na njia mbili: kuacha, au kuchagua shabaha kubwa isiyokosekana. Shabaha kubwa isiyokosekana ni mji. Tarehe 14 Februari 1942 ikatoka amri kwamba lengo liwe kuvunja moyo wa raia, hasa wafanyakazi wa viwandani, na siku chache baadaye Arthur Harris, yule wa Iraki, akapewa uongozi wa ndege za mabomu. Usiku wa tarehe 30 Mei ndege elfu moja zikatumwa Cologne. Julai 1943 Hamburg ikageuka tanuri, watu kama 40,000 wakafa. Februari 1945 ikawa zamu ya Dresden, ambako uchunguzi wa wanahistoria umehesabu wafu hadi 25,000. Marubani wenyewe hawakusalimika; vijana zaidi ya 55,000 wa kikosi hicho hawakurudi.

Sisi tuliosoma fiqhi hatuwezi kupita hapa bila kukumbuka kwamba mas'ala haya ni ya kale. Mtume (SAW) alipomwona mwanamke ameuawa katika moja ya vita alichukizwa, akakataza kuua wanawake na watoto. Sayyidna Abu Bakr (RA) aliusia jeshi lililokwenda Sham lisiue mzee, mtoto wala mwanamke, lisikate mti wa matunda, na liwaache watawa waliojitenga kwa ibada. Lakini silaha isiyochagua pia ilikuwapo zamani, nayo ni manjaniki, mtambo wa kurusha mawe juu ya ngome. Je, adui akijikinga kwa watoto wa Waislamu? Imamu al-Awzai alisema jeshi lizuie mkono. Abu Hanifa aliruhusu kurusha, kwa sharti nia iwe kwa wapiganaji. Walikhitilafiana, naam, ila hata aliyeruhusu hakuruhusu mtoto awe ndiye shabaha. Amri ya Februari 1942 ilivuka mpaka huo.

Wala si sisi tu tunaosema hivyo. Tarehe 9 Februari 1944 Askofu George Bell wa Chichester alisimama katika Baraza la Malodi, akaitaka serikali yake ieleze uhalali wa kuteketeza miji mizima. Hakuwa mpenzi wa Wanazi. Alikuwa amewasaidia wakimbizi wao kwa miaka mingi. Alichukiwa kwa maneno yale, na wengi wanaamini yalimnyima uaskofu mkuu wa Canterbury. Churchill mwenyewe, tarehe 28 Machi 1945, aliandika waraka wa siri akihoji kama wakati haujafika wa kuacha kupiga miji ya Wajerumani kwa ajili ya kueneza hofu kwa kisingizio kingine. Wakuu wa jeshi la anga wakakasirika, naye akauondoa, akaandika mwingine uliolainishwa. Ukweli ulikaa mezani siku nne.

Mwezi huo huo, usiku wa tarehe 9 kuamkia 10, ndege za Marekani ziliichoma Tokyo, nyumba za mbao zikawaka pamoja na watu wanaokadiriwa kufika 100,000. Ni Marekani ile ile ya rufaa ya Roosevelt. Agosti ikaja Hiroshima, kisha Nagasaki. Ilikuwa miaka sita kasoro mwezi tangu serikali zile zilipoahidi kutowapiga raia.

Vita vilipokwisha, washindi walifungua mahakama huko Nuremberg. Hakuna aliyehukumiwa humo kwa kosa la kuipiga miji kwa mabomu, kwa kuwa wote walikuwa wameipiga. Huko Yugoslavia, Jenerali Alexander Löhr, ambaye ndege zake ziliishambulia Belgrade bila tangazo la vita tarehe 6 Aprili 1941, alishitakiwa na kuuawa mwaka 1947. Sheria ya kimataifa inayokataza wazi kuufanya mji mzima kuwa shabaha moja iliandikwa mwaka 1977 tu, miaka 32 baada ya Dresden.

Ama Arthur Harris, sanamu yake ilizinduliwa London tarehe 31 Mei 1992, miaka 50 kamili tangu Cologne ilipoungua. Watu wa Cologne na Dresden walilalamika, wengine wakazomea hapo hapo kwenye sherehe, na haukupita muda sanamu ikamwagiwa rangi nyekundu. Imesimama mbele ya kanisa la St Clement Danes, ambalo lenyewe liliteketezwa na mabomu ya Wajerumani mwezi Mei 1941.