Kuisoma Barabara ya Busisi: Historia ya Sengerema kwa Gari na kwa Miguu (Sehemu ya Pili)

Tangu tarehe 19 Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la J.P. Magufuli, Ghuba ya Mwanza inavukwa kwa dakika chache. Daraja lina urefu wa kilomita 3, kutoka Kigongo upande wa Misungwi hadi Busisi upande wa Sengerema. Nani asiyeshukuru? Mgonjwa aliyekuwa akisubiri kivuko usiku, mchuuzi wa samaki ambaye barafu ilimwishia kwenye foleni, mwanafunzi aliyechelewa kuripoti shuleni: wote wamepata nafuu waliyoililia miaka mingi.

Hata hivyo, foleni ile ilikuwa na faida moja ambayo sijasikia ikitajwa. Aliyesubiri MV Misungwi au MV Sengerema alishuka kwenye basi akayatazama maji, akanunua samaki wa kukaanga, akaanza mazungumzo na mzee aliyeketi jirani. Mzee akamwonyesha kidole: kule ni Bukumbi, kule Kamanga. Watu wengi wa kanda hii walijifunza historia ya ghuba namna hiyo, bila darasa. Sasa basi halisimami. Makala haya yanamwomba msomaji asimame kwa hiari yake.

Wiki iliyopita tulizunguka Mwanza mjini kwa miguu, tukapanda Isamilo, ambako msafiri Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa tarehe 3 Agosti 1858, kisha tukaenda Igoma kwenye makaburi ya waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama, 21 Mei 1996. Leo tunatoka nje ya jiji. Ziara hii haihitaji kampuni ya utalii wala mwongozaji wa kulipwa. Gari la familia linatosha, hata bodaboda au daladala, mradi uwe tayari kushuka na kupanda nyingine. Chukua daftari, kofia na maji ya kunywa, na uwe na subira na wazee. Ondoka mapema, maana jua la mchana kanda ya ziwa halina huruma kwa mtembea kwa miguu.

Kituo cha kwanza ni kabla ya kuvuka. Ukiiacha barabara kuu Usagara na kushika njia ya Kigongo, unaingia jirani na Bukumbi. Wengi wanaijua kwa hospitali, kwa shule ya wasichana na kwa makazi ya wazee. Ni wachache wanaojua kwamba hapa, kwa miezi michache, hatima ya Buganda ilikuwa mikononi mwa wenyeji wa pwani hii.

Wamisionari wa Afrika, ambao watu waliwaita Mapadre Weupe, waliondoka Buganda mwishoni mwa 1882 wakihofia usalama wao. Walivuka ziwa kuja kusini, na mwaka 1883 wakafungua misheni Bukumbi, katika nchi ya Mtemi Kamoga. Miaka mitano baadaye, Septemba 1888, Kabaka Mwanga alipinduliwa Buganda. Alikimbilia kusini kwa mtumbwi, akaangukia kwanza mikononi mwa wafanyabiashara Waarabu huko Magu, kisha akawatoroka na kupokewa na mapadre hapa Bukumbi. Ni Mwanga yule yule ambaye vijana Wakristo waliuawa kwa amri yake mwaka 1886! Mapadre waliowafundisha baadhi ya vijana hao ndio waliomlaza na kumlisha. Mwaka 1889 alipanda mashua ya Charles Stokes, mmisionari wa zamani aliyegeuka mfanyabiashara, akarudi kaskazini kupigania kiti chake, na akakipata.

Ukisimama Bukumbi na kuitazama ghuba, jaribu kulishika tukio hilo kama jambo la mahali halisi. Vitabu vya shule vinalisimulia kama habari ya Uganda peke yake. Kumbe mtumbwi ulitia nanga upande wetu, chakula kilitoka mashamba ya Wasukuma wa Kamoga, na makasia yalishikwa na watu wa ziwa hili. Nadhani hili ndilo funzo kubwa la kuzuru mahali badala ya kusoma tu: unaona nani alikuwepo ambaye kitabu kimemsahau.

Wakati huo huo, kusini mwa ziwa katika nchi ya Usambiro, Waanglikana wa Church Missionary Society (CMS) walikuwa na kituo chao. Alexander Mackay, fundi mitambo kutoka Uskoti, alihamia huko mwaka 1887 baada ya kufukuzwa Buganda, akaendelea kuchapa vitabu na kufua vyuma hadi alipofariki tarehe 8 Februari 1890. Msafiri Henry Morton Stanley alipita hapo Agosti 1889, akakaa karibu wiki tatu. Mabaki ya Mackay yalihamishiwa Namirembe, Kampala, mwaka 1927.

Sasa vuka. Usisimamishe gari darajani. Egesha Kigongo, teremka ukingoni, ulitazame daraja kutoka chini, kisha uvuke. Ghuba hii inaingia nchi kavu kama kilomita 60, na maji yake yana historia yake. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walianza kuwachunguza furu wa ghuba hii, vile visamaki vidogo ambavyo watoto wa ziwa walivivua kwa ndoana tangu enzi. Walikuta aina nyingi ajabu, nyingine zikiishi kwenye miamba, nyingine kwenye tope. Katikati ya miaka ya 1980 sangara, samaki wa kigeni aliyepandikizwa ziwani miongo mitatu nyuma, alifurika ghubani, na aina nyingi za furu zikatoweka mbele ya macho ya watafiti hao. Viwanda vya minofu vya Mwanza, magari ya barafu na utajiri na umaskini wa mialo vyote vinaanzia hapo. Ukifika mwalo wowote wa Sengerema, Chifunfu kwa mfano, muulize mvuvi mwenye mvi: babako alivua nini? Atakuanzishia ngege, nembe na ningu, na atachukua muda kabla hajafika kwa sangara.

Upande wa Busisi umeingia nchi ya Uzinza ya zamani. Karumo na Buchosa zilikuwa miongoni mwa tawala za Wazinza, zenye wafalme na ibada zilizofanana na za majirani zao wa magharibi, Wahaya na Wanyambo. Msomi Svein Bjerke wa Norway aliandika kitabu kizima, kilichotoka 1981, kuhusu mizimu ya Wachwezi miongoni mwa Wazinza. Lakini kwa majirani wa upande wa pili wa ghuba, sifa kubwa ya Uzinza ilikuwa chuma. Mafundi wake, walioitwa Warongo, walichimba mawe yenye chuma, wakajenga matanuru ya udongo, wakavukuta kwa mivukuto hadi chuma kikatoka. Majembe yao yalivushwa kwenda Usukuma, yakabadilishwa kwa mifugo na nafaka, na yakatolewa kama mahari. Kabla ya pamba, kabla ya dhahabu ya Geita, biashara ya kanda hii ilitembea kwa jembe la Mrongo.

Ukikuta shambani vipande vizito vyeusi vyenye matundu, usivipite. Hayo ni mavi ya chuma, masalia ya tanuru. Yapige picha, uandike mahali, uyaache yalipo. Kikihamishwa kutoka kilipokuwa, kipande hicho hakiwezi tena kumwambia mtaalamu mahali tanuru lilipokuwa.

Kutoka Busisi hadi Sengerema mjini, endesha polepole ukitazama mipaka ya mashamba. Utaona mikonge imepandwa mistari, na minyaa imezunguka miji au mahali ambapo zamani palikuwa na mji. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kati ya 1947 na 1956, serikali ya kikoloni iliendesha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma. Nchi ya mashariki ya ghuba ilikuwa imejaa watu na ng'ombe, kwa hiyo pori la magharibi, lililokuwa na mbung'o, lilifyekwa na watu wakahimizwa kuhamia. Wasukuma walivuka kwa wingi wakiwa na mifugo na mbegu za pamba. Wakerewe, Wajita na Wakara nao walishika mwambao. Ndiyo maana leo sokoni Sengerema unaweza kuamkiwa kwa Kisukuma, "Mwangaluka", na mtu ambaye jirani yake anasema Kizinza nyumbani. Ukiona mstari wa minyaa usio na nyumba ndani yake, pengine karibu na miembe mikubwa, uliza. Huenda familia ilihamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa, na kuna mtu anayekumbuka jina la mwenye mji.

Mjini, acha gari. Tembea kutoka stendi hadi Nyampulukano, kisha elekea kata ya Misheni, jina linalojieleza lenyewe, ambako Kanisa Katoliki na hospitali yake vimeupa mji sehemu kubwa ya sura uliyo nayo. Sitakwambia upite wapi kwa mpangilio. Tafuta vitu vya pamba: maghala ya chama cha msingi, mizani ya zamani, maandishi ya rangi iliyofifia juu ya mlango. Maghala hayo ni vyumba vya siasa za uhuru, ingawa hayana kibao kinachosema hivyo.

Mwaka 1952 Paul Bomani, kijana asiyefika miaka thelathini, aliongoza kuundwa kwa chama cha wakulima wa pamba cha Jimbo la Ziwa, kwa sababu wakulima walichoka kupunjwa kwenye mizani. Mwaka 1955 vyama vya ushirika viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, mojawapo ya vyama vya ushirika vikubwa kabisa Afrika wakati huo. Serikali ya kikoloni ilikuwa imekataa kuandikisha matawi ya TANU Usukuma tangu 1954, na katazo hilo likadumu hadi 1958. Basi mkutano wa pamba ukabeba na mengine. Mkulima aliyekuja kuuliza bei ya pamba aliondoka na habari za uhuru.

Mwaka 1958 mambo yalichemka. Serikali ililazimisha Wilaya ya Geita, ambayo wakati huo ilijumuisha Sengerema, iwe na halmashauri ya mchanganyiko wa rangi, yenye viti vya Wazungu na Waasia katika wilaya ambayo wakazi wake karibu wote walikuwa Waafrika. Wananchi walikuwa tayari wamechoshwa na amri za kupunguza mifugo, kulima matuta na kulipa kodi mbalimbali. Wakaikataa halmashauri hiyo. Umati ukatoka Geita kwenda Mwanza kumkabili mkuu wa jimbo, na polisi wakautawanya. Lakini halmashauri ile haikusimama. Mwaka ule ule TANU ikaruhusiwa tena Usukuma. Mmarekani Andrew Maguire aliyasimulia haya kwa kirefu katika kitabu chake cha 1969, na inasikitisha kwamba mtoto wa Sengerema akitaka kujua babu zake walifanya nini mwaka huo, maelezo marefu zaidi yako kwa Kiingereza.

Hapo ndipo penye haraka. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1958 sasa amepita miaka 80. Kumbukumbu ya waliotembea, waliopika njiani na waliowaficha viongozi haiwezi kusubiri bajeti ya mwaka ujao. Kaa na mzee kwenye kigoda chake, omba ruhusa kwanza, washa simu irekodi, muulize majina ya watu na ya mahali kabla ya kumuuliza maoni. Katika kijiji usichokifahamu, pitia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Ni adabu, na mara nyingi yeye ndiye anayejua mzee yupi bado anakumbuka.

Tusidanganyike kwamba sheria italinda kila kitu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na vingi vya baadaye huhitaji tangazo la waziri. Ghala la pamba la 1955 halipati ulinzi kwa umri wake. Likibomolewa kesho kupisha fremu za maduka, hakuna atakayekuwa amevunja sheria hiyo. Kinacholilinda ni watu kujua kwamba ni la thamani. London ilianza kuweka vibao kwenye nyumba zenye historia mwaka 1867, na gharama ya kibao ni ndogo. Sengerema haihitaji makumbusho ya ghorofa ili kuanza. Inahitaji vibao vya Kiswahili, vifupi na vya kweli: Busisi, kwenye maghala ya ushirika, kwenye mialo mikubwa, na popote litakapothibitishwa tanuru la Warongo.

Naiomba Halmashauri ya Wilaya ya Sengerema na shule za sekondari zianze kwa kazi moja: kila mwanafunzi wa kidato cha tatu arekodi mzee mmoja wa mtaani kwake kuhusu pamba, uvuvi au kuhama, na maandiko yahifadhiwe maktaba ya shule. Msomaji mwenye gari na Jumamosi moja aanze na Bukumbi. Wiki ijayo tutashika njia ya Nyehunge, tuingie Buchosa, kisha tuvuke maji hadi kisiwa cha Kome.