Usiipende sana: Siri ya kufuga kuvumwani kwenye chupa

Chupa yangu ya kwanza ilikufa kwa wiki mbili, na mimi ndiye niliyeiua. Kila asubuhi kabla ya kwenda job niliimwagia maji, nikaifunga, nikaiweka dirishani ipate jua. Kumbe nilikuwa naipika.

Nazungumzia kuvumwani, ule mmea mfupi na mororo wa kijani unaotanda kama zulia kwenye kuta zenye unyevu, kando ya mitaro na chini ya tangi linalovuja. Watu wa ploti huukwangua na kuutupa. Vijana nao wanaufuga ndani ya chupa, bustani ndogo inayoitwa terariamu, na kwa mtu wa bedsita inafaa kweli. Haitaki balkoni, wala jua kali. Kama dirisha lako linatazama ukuta wa jirani, hapo umebarikiwa.

Wazo lenyewe ni la kale. Jijini London, daktari Nathaniel Bagshaw Ward alijaribu kuotesha kangaga na kuvumwani uani kwake, moshi wa makaa ya mawe ukaviua. Kisha mnamo 1829 alifukia kifukofuko cha nondo kwenye udongo wenye unyevu ndani ya chupa iliyofunikwa, na badala yake kangaga na nyasi vikachipuka humo. Maji yalipaa kama mvuke, yakagusa kioo, yakadondoka tena. Kufikia 1833 alikuwa akisafirisha mimea kwa meli hadi Sydney ndani ya masanduku ya vioo.

Mzunguko huo ndio unaofanya kazi kwenye chupa yako ya jamu. Weka changarawe kidogo chini, kisha udongo usio na mbolea, uunyunyizie hadi ulowe bila kutuamisha maji. Bandika kuvumwani juu na uikandamize kwa vidole ishike vizuri.

Sasa sikiza, maana hapa ndipo wengi tunakosea. Kuvumwani haina mizizi ya kunyonya maji. Ina vinyweleo vya kujishikilia tu. Maji huyanywa kwa majani yake, ambayo ni membamba ajabu. Kwa hivyo chochote kilicho kwenye maji kinaingia moja kwa moja. Mfereji ukikauka na lori likaleta maji ya kisima yenye chumvi, usiyatie humo, ncha zitageuka kahawia. Kinga maji ya mvua kwenye ndoo, chupa moja ya soda itakutosha kwa miezi.

Kioo kikikaa na jasho kutwa nzima, maji yamezidi: acha kifuniko wazi kwa saa kadhaa. Ukiona ukungu mweupe kama pamba, toa kipande hicho na upunguze maji. Ikikauka na kujikunja, usiitupe haraka. Aina nyingi za ukutani hukauka kabisa na bado hufufuka zikinyunyiziwa.

Na ya kupanda utatoa wapi? Si Karura wala Ngong, tafadhali. Sheria ya misitu ya 2016 inakataza kutoa mazao ya msitu bila leseni, na kuvumwani iliyobanduliwa pale huchukua miaka kutanda tena. Isitoshe, ile iliyozoea baridi ya milimani haitavumilia joto la chumba chako. Tafuta kwenye ukuta wa kivulini hapo hapo mtaani. Mwombe mlinzi wa ploti ruhusa. Atakushangaa, lakini atakupa. Chukua kipande cha ukubwa wa kiganja, uache kingine kiendelee kuota.

Chupa yangu ya pili iko juu ya rafu, mbali na dirisha. Huwa naifungua mara moja kwa wiki, naigusa kwa kidole, na mara nyingi naifunga tena bila kuongeza tone.