Moshi wa Mashini ya Kukata Majani

Dalili ya mvua ni mawingu. Mkulima akitazama juu, hujua kama mvua i karibu au i mbali. Mganga wa dispansari hutazama kwanza macho na ulimi wa mgonjwa, kisha ndipo atoapo dawa. Vivyo hivyo fundi wa moteri hutazama moshi. Moteri haina kinywa cha kusema, "Naumwa hapa." Lakini moshi wake una rangi, tena una harufu. Mwenye kuzijua rangi hizo hujua mahali pa kuanza kazi. Asiyezijua hufungua kila skurubu, na mwishowe huharibu hata kilichokuwa kizima.

1. Ndani ya moteri

Mashini ya kukata majani ina kisu chini, na juu ya kisu kuna moteri ndogo. Ndani ya moteri mna silinda, nayo ni kama kinu cha chuma. Ndani ya silinda mna pistoni, nayo hupanda na kushuka kama mchi katika kinu.

Mwaka 1876 Mjerumani mmoja, Nikolaus Otto, alitengeneza moteri ya hatua nne. Mashini nyingi za kukata majani hutumia hatua hizo. Kwanza pistoni hushuka, nayo huvuta hewa na esanse. Pili hupanda, ikaibana hewa ile. Hapo buji hutoa cheche, esanse huwaka, na moto husukuma pistoni ishuke kwa nguvu. Hiyo ndiyo hatua ya tatu, na ndiyo inayozungusha kisu. Nne, pistoni hupanda tena na kutoa moshi nje.

Ni nani achanganyaye hewa na esanse? Ni kabureta. Hupima kama mpishi apimavyo unga na maji. Kwa kilo 1 ya esanse zatakiwa kilo 15 hivi za hewa. Ndani ya kabureta mna bakuli dogo la esanse, na juu ya esanse huelea boya. Esanse ikijaa, boya hupanda na kusukuma sindano, nayo huziba tundu. Esanse ikipungua, boya hushuka na tundu hufunguka.

Chini ya pistoni pana tumbo la moteri. Humo hukaa mafuta mazito, nayo hulainisha vyuma visisagane. Mafuta haya hayapaswi kuingia mahali pa moto. Kumbukeni jambo hili, maana ndilo litakalotuonyesha kosa la kijana.

2. Kijana na mashini

Siku moja, wakati wa mvua, majani ya uwanja wa shule yalikuwa marefu hata magoti. Watoto hawakuweza kucheza mpira, na watu waliogopa nyoka. Mashini ilikuwa imekaa miezi mingi bila kazi, nayo haikutaka kuwaka. Fundi alimwambia kijana msaidizi wake asafishe kabureta, kwa kuwa esanse iliyokaa muda mrefu huacha utomvu unaoziba vitundu vyake.

Kijana aliifanya kazi ile vizuri. Alifungua bakuli, akaosha boya na sindano, akapuliza vitundu, akarudisha kila kitu mahali pake. Kisha aliona udongo na majani makavu yameganda chini, penye kisu. Akailaza mashini ubavu ili akwangue. Alipomaliza, akaisimamisha na kuvuta kamba. Kamba ilikuwa nzito kuliko siku zote. Akavuta tena kwa nguvu. Moteri ikawaka, lakini ikatoa moshi mwingi wa rangi ya buluu iliyochanganyika na nyeupe, hata uwanja haukuonekana.

Kijana akaogopa, akaizima upesi. Akajisemea moyoni, "Nimeharibu kabureta." Akashika bisibisi ili aifungue mara ya pili. Hapo fundi akafika.

Fundi akasema, "Ngoja, mwanangu. Moshi ulikuwa wa rangi gani?"

"Wa buluu, Baba, tena mweupe."

"Wanuka nini?"

"Wanuka mafuta yaliyoungua."

"Basi kabureta haina kosa. Kabureta haishughuliki na mafuta mazito. Niambie, uliilaza mashini?"

Kijana akanyamaza. Alikuwa amekatazwa kuilaza bila kuuliza. Aliona haya, akataka kusema hapana. Lakini akawaza kwamba fundi hawezi kuponya ugonjwa aliofichwa. Akajibu, "Ndiyo, Baba. Niliilaza, upande wa kabureta ukawa chini."

Fundi hakumkaripia. Akasema, "Vema umesema. Sasa tunajua njia ambayo mafuta yalipitia."

3. Jinsi fundi alivyoiponya

Mashini ilipolala, mafuta mazito yalitoka katika tumbo la moteri. Mengine yalipita katika kijibomba cha kupumulia, yakalowesha chujio la hewa. Mengine yaliingia katika silinda. Ndiyo sababu kamba ilikuwa nzito: pistoni ilikuwa ikisukuma mafuta, na mafuta hayabanwi kama hewa. Kama silinda ingejaa kabisa, na kijana angeendelea kuvuta kwa nguvu, chuma kinachoshika pistoni kingeweza kupinda.

Fundi alingoja moteri ipoe. Kisha akachomoa waya wa buji na kuuweka mbali. Akafungua buji, nayo ilikuwa imelowa. Akaipangusa ikakauka. Akafunika tundu la buji kwa kitambaa, akavuta kamba polepole mara kadhaa, na mafuta yakaruka nje. Chujio lilikuwa la sifongo, basi akaliosha kwa maji na sabuni, akalikausha. Kama lingekuwa la karatasi, angetia jipya. Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakinusa, akaona hakina harufu ya esanse. Mafuta yalikuwa yamepungua kidogo, akaongeza hata alama ya juu, wala hakuipita.

Akarudisha kila kitu, akamwambia kijana avute kamba. Moshi ukatoka tena. Kijana akamtazama fundi kwa hofu. "Usiogope," fundi akasema, "mafuta yaliyobaki katika bomba la moshi yanamalizika kuungua." Baada ya dakika chache moshi ukapungua, ukaisha. Kabla ya jua kutua uwanja ulikuwa umekatwa wote.

4. Rangi za moshi

Moshi wa buluu, au mweupe mzito wenye harufu ya mafuta, maana yake mafuta mazito yanaungua. Uliza kwanza: Je, mashini ililazwa? Je, mafuta yametiwa kupita alama? Kama sivyo, na moshi hauishi siku kwa siku, huenda pete za pistoni zimelika.

Moshi mweusi maana yake esanse ni nyingi, hewa ni haba. Tazama kama kile kifuniko cha kuzuia hewa wakati wa kuwasha kimesahauliwa kimefungwa. Tazama kama chujio limejaa vumbi. Mwisho tazama boya na sindano. Hapa ndipo kabureta yenyewe huweza kuwa na kosa.

Moshi mweupe mwembamba, wakati wa baridi ya asubuhi, unaotoweka upesi, ni mvuke wa maji tu. Haudhuru.

Kuna ugonjwa mwingine, nao ni wa hatari. Pengine baada ya kusafisha kabureta, sindano haikai vizuri, au uchafu kidogo umeizuia. Basi usiku kucha esanse hudondoka, hupita katika silinda, hushuka hata tumboni mwa moteri. Asubuhi mafuta yamepita alama, tena yananuka esanse. Mafuta ya namna hiyo ni mepesi kama maji, hayawezi kulinda vyuma. Usiiwashe moteri hiyo hata kidogo. Tengeneza sindano, mwaga mafuta yote katika chombo, utie mapya.

5. Maonyo

Usiguse kisu kabla ya kuchomoa waya wa buji. Ukitaka kuilaza mashini, uliza kwanza, toa esanse katika tangi, na upande wa kabureta na chujio uwe juu. Usishike esanse karibu na moto. Wala usiwashe moteri ndani ya nyumba, hata kwa kujaribu tu. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huweza kuua mtu kabla hajajua.

Na mkitengeneza kitu, kikaharibika mikononi mwenu, semeni yote mliyoyafanya. Kijana yule alisema maneno machache tu, nayo yaliokoa moteri.

Maswali

1. Pistoni hufanya nini katika kila hatua ya zile nne?
2. Kwa nini kamba ilikuwa nzito?
3. Fundi alijuaje kwamba kabureta haina kosa?
4. Moshi ukiwa mweusi, utatazama nini kwanza? Nini mwisho?
5. Kama kijana angeficha kosa lake, mambo gani yangeweza kutokea?